Ufunguo wa Chumba cha Mbele

Manipuri, 22 Agosti 1944

Kwa Mwanarusi, mke wangu, binti ya ami yangu, taa ya nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nimeanza kufunga, na jana nilifuturu kwa chai na biskuti za jeshi ngumu kama kigae, huku nikiwaza uji wa mama wa pilipili manga. Mbusie mkono mama yangu Bi Sheikha. Msalimie ami yetu Shee, na majirani zetu Dawoodbhai na mkewe Shirinbai. Mwambie Shirinbai kwamba Kihindi alichonifundisha dirishani kwake nilipokuwa mdogo kimenifaa huku kuliko hesabu zote nilizosoma sekondari.

Amma baad, mpenzi, afisa anayepitia barua zetu ameturuhusu kuitaja nchi hii, kwa sababu magazeti yamekwisha kuitaja. Yaitwa Manipuri, na mji wake ni Imfal: bonde la kijani lililozungukwa na milima, na mvua yake haijui kuchoka. Habari za hospitali yetu sitakueleza. Nafunga vidonda, nachemsha vyombo, basi.

Lakini, Mwanarusi, kuna soko! Soko la wanawake. Sisemi soko ambalo wanawake huenda kununua. Nasema kila muuzaji ni mwanamke. Wameketi safu kwa safu chini ya mapaa ya nyasi, mchele mbele yao, samaki wakavu wanaonuka kama ng'onda wetu, vitambaa walivyovifuma kwa mikono yao, maua. Wanatafuna tambuu kama mama zetu. Wanaume wanapita pembeni kwa adabu. Kila muuzaji huitwa Ima, yaani mama, na soko lenyewe huitwa soko la akina mama. Na sikiliza hili: msichana asiyeolewa haketi pale kuuza. Kiti ni cha aliyeolewa, na akizeeka humwachia binti yake au mke wa mwanawe. Huku arusi ndiyo inayompa mwanamke mahali pake sokoni! Nilisimama katikati ya matope nikicheka peke yangu kwa furaha, nikitamani uwe ubavuni pangu uone.

Ufunguo wa chumba cha mbele ninao. Uliniuliza siku niliyopanda meli Kilindini, nami nikajifanya kutafuta mfukoni. Niliuchukua makusudi. Nyumba ilipojaa wageni wa arusi, chumba kile ndicho tulichopewa kwa fungate yetu. Ningekiachaje wazi, kila mtu aingie na kutoka, wakati asumini zako bado ziko juu ya mto tuliolalia? Nimekifunga nikakibeba. Nimeutia ufunguo uzi, na sasa uko shingoni mwangu, chini ya shati, unapiga kifuani nikitembea. Kila ukipiga nasikia jina lako.

Mumeo anayekupenda asivyoweza kusema,
Badawi


Kibokoni, 6 Oktoba 1944

Kwa mume wangu Badawi, mwana wa ami,

Nawe upokee salamu zetu sote. Barua yako ilifika Idi imeshapita. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, na mara ya pili kwa mama, nikiruka pale pa asumini. Mama akauliza mbona naruka. Nikamwambia hapo mwandiko ni mbaya. Akasema, "Mwanangu hana mwandiko mbaya," akacheka mpaka akashika mbavu. Goti lake lamsumbua asubuhi tu. Shirinbai asema Kihindi chako ni cha kununulia ndizi, usijivune. Ami hajambo, na sauti yake pia haijambo, twaisikia kutoka msikitini.

Sasa nisikilize, maana nina jambo.

Ami Shee amesema chumba cha mbele chakaa bure na wewe uko vitani. Ataka kumpangisha Dawoodbhai atie majora yake ya nguo. Mimi nilikuwa na shauri langu kabla yake. Wajua kofia za viua tuzishonazo, zile za tundu ndogo ndogo za sindano: mama, mimi, Mejumaa wa nyumba ya nyuma, karibu kila nyumba ya mtaa huu. Kila mmoja ashona kwake, macho yamuuma, kisha dalali apita mlango wa uani, achukua, atoa apendacho. Hatujui hata kofia zetu zavaliwa na nani. Nataka chumba kile kiwe cha wanawake. Tukae pamoja tushone, na atakaye kofia aje mlangoni petu, tumuuzie wenyewe. Mlango wa njiani upo, mwanga upo. Ni kufuli tu.

Nilimweleza ami. Akanambia, "Mke wa mwanetu akae mlangoni kama muuza mbaazi?"

Nikamjibu, "Mume wangu asema iko nchi ambayo kiti hicho ni cha walioolewa."

"Basi mumeo na aseme," akanijibu. "Nyumba ni yake."

Na kweli nyumba ni yako, baba yako alikuachia wewe. Basi sema. Mwandikie ami, na unitumie ufunguo. Najua waupenda. Lakini kifua chako kina mambo mengine ya kukipiga, na mimi nina mlango mmoja tu.

Nakuombea asubuhi na jioni.
Mwanarusi


Manipuri, 15 Novemba 1944

Kwa Mwanarusi wangu, asumini yangu,

Salamu kwako, kwa mama na goti lake, kwa ami na sauti yake. Nimepata homa kidogo, imepita, usiwaze. Huku baridi imeanza; asubuhi ukungu hulala bondeni kama maziwa bakulini, na mimi husema, laiti Mwanarusi angeuona.

Nimezidi kuwajua wanawake wa hapa, na kila nikiwajua nazidi kustaajabu. Hospitalini kwetu kuna mzee anayetufulia mashuka, Mwislamu wa hukuhuku, kwa maana Waislamu wapo Manipuri tangu zamani. Alinialika kwake siku ya Idi. Mkewe afuma nguo kwa mtambo aliojifunga kiunoni: nyuzi zimefungwa ukutani, naye akiegemea nyuma nyuzi zinakaza. Mwili wake wenyewe ni sehemu ya mtambo! Wapanda mpunga, wafuma, wauza, na fedha ya nyumba iko katika pindo la nguo zao. Nikamuuliza mzee, "Na wewe kazi yako nini?" Akanijibu bila haya hata kidogo, "Mimi ni mume wa mwenye kibanda."

Akanisimulia jambo kubwa. Miaka mitano iliyopita mpunga ulikuwa haba, na huo kidogo ulikuwa ukipakiwa kwenye magari na kuuzwa nje ya nchi, bei ikapanda mpaka watu wakalala njaa. Wanawake wa soko wakaondoka vibandani. Wakaenda wakazizingira ofisi za serikali, maelfu, wakasema hatutoki mpaka mpunga uzuiwe usitoke. Wakaja askari na singe bundukini, baadhi ya wanawake wakajeruhiwa. Hawakuondoka. Kisha wakalisusia soko lao wenyewe siku nyingi, mji mzima ukakosa mahali pa kununua hata chumvi. Hawakuwa na silaha, Mwanarusi, waliketi tu. Machozi yalinitoka nikisikia. Ni wanawake wa ajabu mno, natamani ulimwengu mzima uwajue!

Kuhusu chumba, mpenzi, tutazungumza nikirudi. Kwani huwezi kushona ghorofani? Pana upepo mzuri dirishani. Nakutilia ua la huku ndani ya bahasha.

Wako daima, na ufunguo kifuani,
Badawi


Kibokoni, 22 Desemba 1944

Kwa Badawi,

Salamu. Sote wazima. Ua limefika likiwa unga.

Nimesoma habari za wanawake wa Manipuri. Wasalimie. Waambie wa Kibokoni wako ghorofani, dirishani, pana upepo.

Ami amengoja neno lako, halikuja. Amesema Maulidi yakipita atamkabidhi Dawoodbhai chumba, na kufuli litavunjwa. Sikukasirika naye, yeye angalau amesema atakalo. Wewe waniambia kwamba wanawake waliketi mbele ya singe, na machozi yakakutoka, kisha waniambia nikae dirishani. Sijui kama nimeolewa na yule aliyeandika ukurasa wa kwanza au yule aliyeandika wa pili.

Jambo lingine. Herufi zako husimama wima kama askari wa gwaride. Katika barua hii zimelala upande, na wino umechuruzika kuelekea kona. Uliiandika ukiwa kitandani, na haikuwa homa kidogo. Husemi. Najua hutaki nikose usingizi. Nimeukosa. Siku nyingine sema, tukose pamoja.

Mama ataka kujua kama una blanketi.

Mwanarusi


Manipuri, 28 Januari 1945

Kwa mke wangu Mwanarusi,

Mwambie mama ninazo blanketi mbili na sweta.

Ulijua. Nililala hospitali ileile ninayofanya kazi, na waliokuwa wakinisafisha ni wale ambao juzi niliwasafisha mimi. Kulikuwa na siku sikujua niko Imfal au Kibokoni. Sasa nimepona, nimekonda tu. Ukiniona utasema nimerudi nusu. Nimesema. Na tukose pamoja.

Sasa nikusimulie aibu yangu, ucheke.

Nilipotoka kitandani mkubwa wangu alinipa ruhusa ya kwenda mjini, nikaenda sokoni pamoja na yule mzee wetu. Nilitaka kukununulia zawadi. Kwenye kibanda cha Ima mmoja, mzee wa makamo ya mama, nikaona nguo inayovaliwa na wanawake wote huku, yaitwa faneki: mistari ya rangi, na pindo lililodariziwa kwa hariri, pindo zuri ajabu. Nikaona leso! Wallahi sikuona kitu kingine ila leso ya kujitanda. Nikataka kuwaonyesha jinsi wake zetu wa Mombasa wanavyopendeza. Nikaichukua, nikajitanda kichwani, nikazungusha ncha begani, nikatembea hatua chache kwa madaha yako, Mwanarusi, unavyotembea ukijua natazama.

Soko lote likanigeukia. Mzee wangu akafunika uso kwa mikono. Kisha kicheko kikaanza kibanda cha mwisho kikaja mpaka kwetu kama mvua ya masika inavyokuja juu ya mabati. Kumbe huku mwanamume haigusi nguo hiyo ya mwanamke, hata ikiwa imeanikwa hupita mbali nayo, sembuse kujitanda kichwani! Ima akaitoa kichwani mwangu kwa ncha ya mwavuli wake, akipangusa machozi. Nilitamani ardhi ya matope inimeze.

Alipomaliza kucheka akaniuliza, mzee akitufasiria, "Ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Mkeo auza nini?"

"Hauzi."

"Ni mgonjwa?"

"La."

"Hajui kazi ya mikono?"

Nikamwambia, nikijisifu, "Ashona kofia ambazo tundu zake huwezi kuzihesabu." Nikavua yangu nikampa. Akaigeuza ndani na nje, akaipitisha kwa Ima wa kibanda cha pili, naye kwa wa tatu. Waliinama juu yake kama watu wanaosoma. Ikarudi kwake. Akanitazama, hakuwa anacheka tena.

"Ameolewa, na ana mikono hii. Nani amekikalia kiti chake?"

Nikapokea kofia yangu. Ufunguo ulikuwa chini ya shati, nikauhisi kama umechomwa moto.

Mwanarusi, niliona haya ya baraza. Niliwaona wale wazee wa kahawa pale nje kwetu, nikasikia mmoja akisema, "Badawi hana cha kumlisha mkewe, amemtoa mlangoni." Nikawaogopa, mimi niliye mbali nao bahari nzima. Wanawake wa Manipuri ni rahisi kuwasifu: hakuna mzee wa Kibokoni atakayeniuliza habari zao. Nilikipenda chumba kile kikiwa kimefungwa na wewe ukiwa umefungiwa ndani yake, umetulia kama nilivyokuacha. Lakini wewe hukuwamo. Ulikuwa nje unagonga.

Chumba ni chako. Barua ya ami iko humu ndani, nimeandika wazi, msomee kwa sauti. Na ufunguo huu hapa. Nilimwomba Ima mwenyewe auzungushie ile faneki, niliyokununulia, na kufunga kifurushi; mimi nimekibeba tu, sikuigusa nguo, uwe shahidi. Alipomaliza kufunga akakipigapiga kwa kiganja, akasema maneno ambayo mzee hakunifasiria. Alisema hayo ni ya wanawake.

Nategemea maombi tu kwamba kitafika kabla ya Maulidi.

Mumeo, shingo tupu,
Badawi


Kibokoni, 2 Aprili 1945

Kwa mume wangu mpenzi, Badawi, nusu yako na nusu iliyobaki huku,

Salamu nyingi, na leo sitaruka kitu nikimsomea mama. Mejumaa amejifungua mtoto wa kike, goti la mama limepona, usiulize kwa dawa gani, utajua sasa hivi.

Kifurushi hakikufika kabla ya Maulidi. Kimefika wiki tatu zilizopita.

Maulidi yalipita bila neno lako. Nilikuwa nimeacha kungoja, nakwambia kweli. Kila tulipokutana kushona ghorofani, mama aliniambia, "Nisomee ile ya wanawake wa mpunga." Si ile tamu ya kwanza, ile iliyonitia uchungu. Nikaisoma mpaka Mejumaa akaijua kwa moyo. Nikifika pale pa dirishani na upepo mama husema, "Nirudie pale walipoketi."

Asubuhi moja wakaja: ami, Dawoodbhai, na mahamali wawili wenye mtaimbo. Mimi nilikuwa juu, nikaona nimeshindwa. Nikasikia mkeka waburutwa. Mama yako, ambaye tangu aolewe hajaonekana barazani jua likiwaka, amevaa buibui lake, ameteremka na mkeka na kofia yake na sindano, akaketi mbele ya mlango ule. Akanyoosha goti. Akashona.

"Shemeji, tupishe," ami akasema.

"Pita, Shee. Usinikanyage tu."

Nikateremka nikaketi kando yake. Mejumaa akatoka na tumbo lake. Kisha sijui habari ilipita dirisha gani, wakaja wa nyumba ya kisima, wakaja wa karibu na msikiti, kila mmoja na kofia yake mapajani. Uchochoro ukawa mweusi kwa mabuibui. Mahamali wakatua mtaimbo, wakaomba maji.

"Mwafanya nini hapa mchana wote?" ami akauliza.

"Twasikiliza barua," mama akamjibu.

"Barua ya nani?"

"Ya mwenye nyumba. Mwanarusi, soma."

Nikaisoma, ami amesimama. Ya dirishani sikuisoma. Nilisema mwandiko hapo ni mbaya.

Ndipo Shirinbai akatoka kwake, na uzi wake na miwani yake, akajipenyeza akaketi katikati yetu. Dawoodbhai akasema, "Arre, hata wewe?" Akamjibu mbele ya watu wote, "Majora yako yapeleke Mbaraki, maghala tele. Yakikaa hapa, nami nitakaa hapa, na chakula utapika nani?" Mtaa ukaangua kicheko, na aliyeanza ni Dawoodbhai mwenyewe.

Ami akatazama juu, akatazama chini. "Vita viko Manipuri au viko Kibokoni?" akasema. Akaenda akaketi na wazee akaagiza kahawa, na mahamali akawapa chao. Nami nilimwona, Badawi, alikuwa akiuma midomo asicheke.

Thoya seremala akaja siku ileile, akang'oa kufuli lako. Asumini zilikuwa juu ya mto wetu, kavu. Nimezihifadhi; sisemi wapi. Kisha tukafagia, tukatandika, na tangu hapo mlango huufunga kwa komeo tu, kutoka ndani. Dalali amekuja mara moja, kwa mlango wa mbele safari hii, akasema hodi. Watu waja kutoka Makadara na hata mabaharia. Wale wazee wa kahawa unaowaogopa, ndio wanaowaelekeza wateja. Wamekuwa wakali: mtu akisimama kutuchungulia humuuliza, "Wanunua au waranda?" Na ami juzi alituma kuuliza kama kuna kofia ya kichwa kikubwa. Nimemjibu aje mwenyewe mlangoni.

Hivyo uliniandikia ruhusa kwa mlango uliokwisha funguka. Usione uchungu. Ulipoandika ile barua uliyonikatalia, ulituletea jeshi bila kujua. Na hii ya sasa nimeisoma chumbani humo, peke yangu, kabla wenzangu hawajaja, nimelia na kucheka, na sehemu ya madaha yangu nimeisoma tena na tena. Sikujua kama huwa natembea hivyo. Sasa nashindwa kutembea.

Barua ya ami sikumpa. Hakuna haja tena ya mtu kunisemea, ila nimeiweka, kwa sababu herufi zako zimesema vizuri, zimesimama wima.

Faneki ameifungua mama, si mimi. Akaipeleka mwangani akalitazama pindo lile ndani na nje, kama Ima wako alivyotazama kofia. Tayari ameshalitia kwenye kofia mpya, kuzunguka ukingo, tundu kwa tundu. Wateja wauliza pindo hili ni la wapi. Mama huwajibu, "La wenzetu."

Ya kwanza iliyomalizika ndiyo hii niliyokutilia ndani. Mpelekee Ima, aivishe mumewe au yeyote ampendaye. Mwambie kiti nimekikalia.

Na ndani ya kofia utaukuta ufunguo wako. Nakurudishia. Hauna kufuli tena, huwezi kunifungia wala kunifungulia. Uvae tu shingoni kama ulivyokuwa ukiuvaa, ukupige kifuani ukitembea, mpaka siku meli yako itakapotia nanga Kilindini. Ukifika nyumbani usiutafutie mlango. Simama pale nje na wazee, upige hodi kama watu wote.

Mimi mwenyewe nitakwambia karibu.

Mkeo,
Mwanarusi